Mgeni wa Siku Tano

Msichana mwenyewe aliitwa Morgan, na kabla hajafika sote tulidhani ni mwanamume. Zein, mwanangu, ndiye aliyetangaza chumba changu cha juu kwenye mtandao, na jina lilipokuja akanambia nitandike shuka nzito, mgeni ni kijana wa kiume. Nikatandika. Kwenye tuktuk akashuka binti wa miaka ishirini na mitatu, mwekundu kwa jua, mgongoni amebeba mkoba mkubwa kuliko yeye. Akaniamkia shikamoo kwa sauti ambayo mtaa mzima wa Kibokoni uliisikia. Nikampenda papo hapo. Nalisema hili mapema, mtu asije akadhani nilimchukia tangu mwanzo.

Alikuwa anatoka Iringa. Huko alikuwa amemaliza miezi minane ya kujitolea kwenye kituo cha watoto, akifundisha Kiingereza na kupaka rangi madarasa, na wakubwa wake walikuwa wamempa likizo ya siku tano aje aone bahari. Kujitolea! Kwetu Mji wa Kale wa Mombasa mtu hujitolea kuosha maiti, hujitolea kupika matangani, hujitolea kumlea mtoto wa nduguye miaka kumi na mitano, na hapana anayempa likizo. Lakini Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha bara, kimenyooka, na alikula kila nilichompikia na kuosha sahani yake mwenyewe. Siku ya kwanza nilimpeleka Biashara Street akanunua leso mbili. Alitaka aelezwe maana ya jina la kila leso iliyotundikwa mpaka muuza duka akajifanya anaitwa nyuma. Siku ya pili alikuwa ameshaanza kuniita mama.

Sasa nieleze kazi yangu, maana bila kuijua hamtaelewa lililonifika. Katika harusi zetu, siku ya wanawake, siku ya kupamba, mwanamume haingii ukumbini. Bwana harusi mwenyewe huingia mwisho kabisa, watu washajifunika. Buibui huvuliwa mlangoni na kutundikwa. Ndani mwanamke yuko na nywele zake na mikono yake mitupu, amejifukiza udi, anacheza atakavyo, mbele ya wanawake wenzake tu. Mpiga picha ni mwanamke mmoja aliyelipwa na wenye harusi, na picha zake huzikabidhi kwa wenyewe. Simu haziingii. Simu zote huachwa kwangu.

Nina shuka la marekani nililolishona mifuko mia mbili, kila mfuko na nambari yake, na kwa miaka kumi na mmoja nimelitundika kwenye milango ya kumbi za kisiwa hiki. Nimetoa simu kifuani mwa mke wa mtu mkubwa. Nimetoa simu kwenye nepi ya mtoto mchanga. Kuna mmoja alinikabidhi simu mbovu ya vibonyezo, ile nzima kaificha ndani ya nywele za bandia, nami nikamvua nywele mbele ya wakwe zake. Watu walinichukia kwa siku moja na kuniheshimu mwaka mzima. Walikuwa na msemo wao: "Simu haipiti kwa Saadia." Niliupenda msemo ule kuliko dhahabu yangu.

Nilikuwa na msaidizi, Dama, Mgiriama wa Kaloleni anayekaa Mbaraki, mama wa watoto watatu. Mimi nikipekua, yeye akiandika nambari kwenye vikadi. Siku zisizo na harusi alifulia watu nguo, na mmoja wa hao watu alikuwa Farah.

Farah ni jirani yangu, ukuta wetu ni mmoja. Ana miaka thelathini na tisa na hakuolewa. Alimuuguza babake miaka tisa, na mzee alipofariki akafungua chuo cha wasichana kwenye chumba cha chini cha nyumba, chuo chetu hiki cha Kurani. Alikuwa na wasichana thelathini na wanne. Kila alasiri nikiwa jikoni nawasikia wakisoma, na mmoja akikosea namsikia Farah akimrudisha aya, mara tatu, mara nne, bila kupandisha sauti. Ada yenyewe ilikuwa kidogo, wengine wakilipa kwa sukari na mchele. Mwalimu wa kike wa chuo hali mshahara, hula jina lake. Jina likiingia doa, hana pa kula.

Harusi ilikuwa ya binti wa Amatullah, mwenye duka la vitambaa. Binti huyo ndiye msichana wa kwanza kabisa kuhitimu kwa Farah. Iliangukia siku ya tatu ya mgeni wangu, nami nikamwambia Morgan aje aone. Nilimvisha gauni langu la ujana, la zari, likamkaa kama lilishonwa kwa ajili yake. Mimi nilitangulia ukumbini kabla ya alasiri kutundika shuka langu, naye Zein akampakia kwenye tuktuk baadaye.

Alipofika, foleni ilikuwa imeshika hadi nje. Wanawake wakamgeukia. Akawaamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, na shangazi mmoja wa bibi harusi akanambia akipita ndani, "Mashallah, Saadia, mzungu wako asema Kiswahili kuwashinda wajukuu wetu!" Nikacheka na kujitia sikusikia, ili alirudie. Dama akamnyoshea Morgan mkono apewe simu. Morgan akakikumbatia kijimfuko alichokivaa shingoni.

"Humu mna pasipoti yangu na kila kitu," akasema. "Sitaitoa simu, mama. Naahidi."

Dama akanitazama. "Bi Saadia, na huyu?"

Angekuwa binti yangu ningemvua mfuko ule kabla hajafunga mdomo. Lakini huyu alikuwa mgeni, na mgeni wangu. Utampekuaje mgeni kifuani mbele za watu, kama mwizi? Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimevimba kichwa. Sikutaka wanawake wale waone mzungu wangu akikunja uso.

"Mwache apite," nikamwambia Dama kwa sauti ya chini. "Huyu ni juu yangu mimi."

Hakusikia mtu mwingine. Dama akaandika nambari iliyofuata kwa mtu aliyefuata.

Haikupita robo saa akaja Farah. Akanipa simu yake, nami nikataka na mkoba niufungue.

"Hata mimi wanipekua, Saadia?"

"Hata mamangu akifufuka leo nampekua."

Akacheka, akanifungulia mwenyewe. Mlikuwa na kitana, leso ya mkononi na karafuu mbili tatu za kutafuna. Nikampa kikadi chake, akaingia.

Sikuwa nimewahi kumwona Farah akicheza. Katika harusi zote hukaa viti vya nyuma na wazee, akipiga makofi. Siku ile bibi harusi aliposhuka jukwaani na kumshika mwalimu wake mkono, Farah alikataa mara mbili, mara ya tatu akasimama. Alikuwa na gauni la kijani lisilo mikono. Akafungua nywele, zikamshuka hadi kiunoni, na ngoma ya chakacha ikamwingia kama vile ilikuwa ikimngoja miaka yote ile. Ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Amatullah alilia kwa furaha. Mimi nilisimama mlangoni nimelishika pazia, nikisema moyoni, kumbe.

Siku ya nne tulikwenda ufukoni Mama Ngina alasiri, mimi na Morgan. Tukanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, tukaketi kwenye ukuta kuelekea bahari. Alikuwa akila kwa mkono mmoja na mwingine umeshika simu, kidole gumba kikienda. Nilidhani anamwandikia mamake. Nikamwambia amsalimie. Akasema, "Atafurahi sana, mama," akaendelea.

Tuliporudi, magharibi inaadhiniwa, Zein alikuwa amesimama ukumbi wa nyumba. Akanikabidhi simu yake imefunikwa kifudifudi.

"Tazama wewe, mama," akasema. "Mimi nishaona nisichotakiwa kuona."

Ilikuwa picha ya Farah. Amenyosha mikono juu, nywele zimemzunguka, anacheka na kinywa wazi. Morgan alikuwa ameandika kwa Kiingereza maneno ambayo Zein alinifasiria huku amegeukia ukutani: "Wanawake wa Mombasa ambao dunia hairuhusiwi kuwaona. Mimi nimewaona." Chini yake kulikuwa na mioyo. Kisha mtu wa papa hapa, sijui nani na sitajua, alikuwa ameichukua na kuitia kwenye makundi ya WhatsApp, naye akaongeza lake: "Huyu ndiye mwalimu wa binti zenu."

Picha ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ingekuwa mbaya, imetikisika, watu wangeipita. Farah alikuwa mzuri pale kuliko bibi harusi.

Nilipanda ngazi na miaka yangu hamsini na saba bila kushika ukuta. Nikamkuta Morgan anakunja leso zake.

"Umefanya nini?" nikamuuliza. "Umemfanya nini yule mwanamke?"

Akachukua muda kuelewa. Alipoelewa, akafuta picha mbele yangu. "Nimefuta, mama. Tazama, nimefuta. Nilitaka tu watu waone uzuri wenu."

"Nani alikwambia twataka kuonekana?"

Akalia. Alilia kwa dhati, siwezi kumsingizia. Halafu akajifuta uso na kusema neno ambalo, kama ningekuwa mtu, lingemaliza kila kitu. Alisema, "Nipeleke kwake. Nipeleke na kwa mama wa bibi harusi. Nitawaeleza kwamba yule mwalimu hakujua. Nitawaeleza kwamba wewe uliniruhusu kuingia na simu na mimi nikavunja ahadi yangu."

Kwamba wewe uliniruhusu.

"Hujui desturi zetu," nikamwambia. "Ukenda utaharibu zaidi. Niachie mimi."

"Lakini ni kosa langu..."

"Niachie mimi, mwanangu."

Nikamtuma Zein akate tiketi ya basi la kwanza asubuhi. Siku yake ya tano hakuimaliza. Kabla jua halijatoka vizuri nilikuwa nimemfungia mahamri kwenye karatasi, nimemkumbatia, na kumsukumia kwenye basi la kwenda Tanga. Watu waliniona na kusema Saadia ana ubinadamu, hata baada ya aibu ile amemfungia mgeni chakula.

Jioni ile ile Amatullah alituita nyumbani kwake. Tulikuwa wanawake kama kumi na watano, chumba kimejaa, chai imepoa hainyweki. Farah hakuitwa. Dama aliitwa, akakaa chini karibu na mlango, kandambili zake amezipakata.

Amatullah ndiye aliyeanza. "Miaka yote hii simu haipiti kwa Saadia. Hilo twalijua. Basi ikiwa imepita, ilipangwa. Kuna mtu alitaka ipite."

"Na aliyepigwa picha ndiye aliyetaka," akasema yule shangazi aliyekuwa amenisifia mzungu wangu. "Kwani mwaona amekimbia? Amesimama vizuri, acheka."

"Wasema alipewa dola," akasema mwingine.

Mnaona ilivyokuwa. Jina langu zuri ndilo lililomhukumu Farah. Kadiri walivyoniamini mimi, ndivyo yeye alivyozidi kuwa na kosa. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, ni mimi niliyemwacha apite, na Farah angelala usingizi wake usiku ule. Wangenisema wiki mbili. Labda wangetafuta mwingine wa kukaa mlangoni. Nisingekufa.

Amatullah akanigeukia. "Wewe, Saadia, ulikuwa wapi mgeni wako alipoingia?"

"Nilikuwa naswali," nikasema.

Sijui lilitoka wapi. Nimelitafuta tangu siku ile nijue lilitoka wapi. Nilisema nilimwacha mgeni kwenye foleni, nikaenda chumba cha ndani kuswali alasiri na mlango nikamwachia Dama, na Dama anajua kanuni.

Dama akainua uso. "Bi Saadia," akasema, "si wewe ulinambia nimwache apite? Si ulisema ni juu yako?"

Kila mtu akanitazama. Nami nikamtazama Dama kwa macho ya masikitiko, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma kwa uongo wake. Nilifanya hivyo. Hakuna aliyenifundisha.

"Huyu humfulia nguo Farah," akasema shangazi mtu. "Si mwaona sasa? Wamepanga."

"Wallahi Farah hakujua chochote," Dama akasema. Walimcheka, maana Dama ni Mkristo, na kiapo chake cha Wallahi hakikumsaidia. Amatullah akamwambia asionekane tena kwenye harusi ya mtu Mji wa Kale. Dama akavaa kandambili zake pale pale mlangoni, akatoka. Hakunitazama.

Basi wasichana wa Farah wakaanza kupungua. Hakuna aliyekuja kumwambia la uso kwa uso. Huyu mtoto wake ana homa. Yule amepata masomo ya ziada shuleni. Mwingine wanahamia Kisauni, na hadi leo hawajahama. Wanawake waliopiga vigelegele kuliko wote ndio waliotangulia kuwatoa binti zao, na wengine wao siku ile walikuwa na migongo wazi zaidi ya Farah. Mimi nilikuwa jikoni nasikiliza. Mwanzo sikuona tofauti. Baada ya wiki tatu nikaweza kuzitofautisha sauti. Mwisho wa mwezi wa pili nilikuwa nazihesabu: tisa, saba, nne. Siku moja nikasikia sauti moja, nikadhani ni mtoto, kumbe ni Farah anasoma peke yake.

Nilipeleka chakula. Nilipeleka biriani, nikapeleka maandazi, nikapeleka kuku mzima siku ya Ijumaa. Alipokea na kurudisha sahani zimeoshwa, na kila sahani ina kitu, ndimu au majani ya mchaichai, maana sahani ya jirani hairudi tupu.

Morgan aliandika kwenye ule mtandao wa vyumba. Alinipa nyota tano. Zein alinifasiria: "Mama Saadia ni roho ya Mombasa. Alinisamehe kosa kubwa. Nimejifunza mengi kuhusu heshima." Wakaja wageni wengine watatu kwa ajili ya maneno hayo. Kisha akatuma picha akiwa na watoto wa Iringa, kila mtoto ameshika penseli, na chini akauliza, mwalimu yule hajambo? Nilimwambia Zein ajibu kwamba hajambo, alhamdulillahi.

Nilimchukia sana msichana yule miezi ile. Nilikuwa nikimtukana nikiosha vyombo. Siku tano! Mtu anakuja siku tano, anakula mihogo, anavunja nyumba ya watu, anapewa mahamri ya safari. Kila nilipomtukana nilipata nafuu kidogo, kisha nafuu ikaisha, maana hakuna aliyejua kama mimi kwamba yule msichana alitaka kusema kweli na mimi nikamkatia tiketi.

Dama nilimwona mara moja, upande wa kivuko cha Likoni, anauza bajia. Akaniamkia. Nikanunua bajia za shilingi mia, nikamwambia chenji akae nayo. Akanirudishia chenji yote mkononi, sarafu kwa sarafu.

Mwaka ule jina langu lilitoka la kwenda hija. Zein alikuwa amenilipia. Nanyi mwajua desturi: mtu hendi hija na madhambi ya watu mgongoni. Huzunguka nyumba kwa nyumba kutaka radhi, kwa ndugu, kwa majirani, kwa aliyegombana naye na asiyegombana naye. Unasema, "Nilichokukosea kwa kujua na kwa kutojua, nisamehe," naye hujibu hata hujamaliza, "Nimekusamehe dunia na akhera, nawe kaniombee." Ni rahisi. Nilimaliza nyumba arubaini kwa siku tatu. Amatullah alinisamehe huku akinipimia kitambaa cheupe. Kwa Farah nilikwenda mwisho.

Nilimkuta chumba cha chini. Mikeka ya chuo imekunjwa na kuegemezwa ukutani, na mahali walipokuwa wakikaa watoto kulikuwa na meza na unga. Siku hizi alisukuma manda za sambusa akiuzia maduka. Akanawa mikono, akanikaribisha kiti.

Nikasema maneno yangu. Nilichokukosea kwa kujua na kwa kutojua.

"Ya kutojua nimekusamehe," akasema Farah. "Nambie ya kujua."

Hakuna mtu aliyeniuliza hivyo kwenye nyumba zote zile. Nilikaa. Feni ilikuwa ikizunguka na kupeperusha unga mezani. Mwisho nikasema, kwa sauti ambayo sikuijua, "Ni mimi niliyempitisha yule msichana na simu yake. Dama hakukosa. Nawe hukukosa."

"Najua," akasema. "Dama alikuya kunambia usiku ule ule walipomfukuza."

"Wajua tangu siku ile?"

"Nalikuwa nakungoja, Saadia. Siku ya kwanza nikasema, aona haya, atakuya kesho. Nikasema atakuya Ijumaa. Watoto walipobaki tisa nikasema sasa atakuya, maana mwenyewe asikia ukutani. Ukaniletea kuku."

Nililia. Akaniacha nilie mpaka nikanyamaza.

"Kwa nini hukusema mwenyewe?" nikamuuliza.

"Ningesema, ningeaminiwa na nani? Simu haipiti kwa Saadia." Hakulisema kwa kejeli. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya kitu asichoweza kununua. "Sikiza. Ijumaa wanawake watakuya kwako kukusomea dua ya safari, wote, na wale waliokuwa kwa Amatullah. Nami nitakuya. Simama uwambie hili ulilonambia mimi sasa hivi, basi, hakuna zaidi. Ukiwambia, nimekusamehe dunia na akhera, na Allah ni shahidi. Usipowambia, nitakunyamazia. Sitakufedhehi, sitamwambia mtu, nenda zako hija kwa salama. Lakini radhi yangu usinidai. Chagua mwenyewe."

Nikamwambia inshallah, nitawambia. Nilikusudia kweli. Siku mbili nzima nilitembea nikiyasema maneno yale mdomoni, nikipika, nikifua, nikifunga sanduku.

Ijumaa nyumba ilijaa hadi ngazini. Walisoma dua, wakaitikia amin, Amatullah amekaa ubavuni mwangu ameshika mkono wangu. Farah alikuwa amesimama karibu na mlango. Dua ilipokwisha nikasimama. Wote wakanitazama kwa mapenzi, na mapenzi yale ndiyo yaliyonishinda, maana niliyaona yote mara moja na nikaona yatakavyoondoka.

"Ndugu zangu," nikasema, "nataka radhi zenu. Nilichowakosea kwa kujua na kwa kutojua, nisameheni."

"Tumekusamehe!" wakajibu kwa sauti moja, na mtu akapiga kigelegele. Nilitazama mlangoni. Midomo ya Farah haikusogea.

Nilikwenda. Nilizunguka Al-Kaaba, nilisimama Arafa juani na mamilioni ya watu wanalia, nami nikalia. Wenzangu waliomba madhambi yao yafutwe. Mimi nilijua hilo moja halikuwa huko la kufutwa. Lilikuwa Kibokoni, linasukuma manda.

Niliporudi walinipokea kwa maua na udi. Sasa mimi ni Hajjat Saadia. Wanawake walipanga foleni kunibusu mkono na kuchukua tende na maji ya zamzam. Amatullah akanikumbatia, akasema mbele ya watu wote, "Tunamwoza wa pili baada ya Maulidi, Hajjat, na mlango ni wako. Nani mwingine tutamwamini?" Watu wakaitikia kwamba kweli, nani mwingine.

Farah alikuwemo. Alikuwa ameleta sahani ya sambusa, kama jirani yeyote. Akanibusu mkono, akasema, "Karibu nyumbani, Hajjat," akapokea tende zake tatu. Kisha akaketi karibu na mlango, akanywa kahawa yake mpaka ikaisha, na hakusema neno.